Sauti ya Kiebrania kwenye katuni: yanayodhaniwa na yalivyo

"Kazi ya kuingiza sauti ya Kiebrania kwenye katuni ya kigeni ni kusoma tafsiri tu."
Hapa ndipo sisi wa Kiswahili tunapojidanganya zaidi. "Nakupenda" yetu ni hiyo hiyo, aseme Juma au aseme Asha. Kwa Kiebrania, mwanamume humwambia mwanamke "ani ohev otakh", na mwanamke humjibu "ani ohevet otkha". Kitenzi kimegeuka, na anayependwa naye kageuka. Katuni nyingi hutoka kwenye Kiingereza, kisichojali hayo, kwa hiyo mtafsiri hana budi kujua nani anamwambia nani. Kisha maneno yaenee kwenye mdomo uliokwisha kuchorwa: "ohevet" ina silabi tatu, "ohev" mbili, na mchoro haumsubiri mtu.

"Sauti ya mvulana ni ya mvulana."
Mara nyingi ni ya mwanamke, na si Israeli peke yake. Bart Simpson, mvulana wa katuni ya *The Simpsons*, kwa Kiingereza sauti yake ni ya Nancy Cartwright tangu 1987. Mtoto wa kiume angeshabalehe zamani na sauti kuwa nzito. Mwigizaji wa kike wa Kiebrania ana mtihani wa ziada. Akitaka kitu nyumbani kwake husema "ani rotza". Akiingia studio kuwa mvulana, ni "ani rotze". Ulimi ukiteleza, mistari inarudiwa.

"Israeli kila filamu ya kigeni huingizwa sauti."
La. Za wakubwa huachwa na sauti zake, maandishi ya Kiebrania yakipita chini. Zinazoingizwa sauti ni hasa za watoto, ambao hata kusoma bado.

"Waigizaji hukaa pamoja wakijibizana."
Kwa kawaida kila mmoja hurekodi peke yake, hedifoni masikioni, akimjibu mtu asiyekuwepo. Walau habebi wahusika wote kwa koo moja, kama watafsiri wetu wa vibanda umiza!

"Kila lugha ina mwimbaji wake."
Kwa kawaida ndiyo. Ofra Haza, mwimbaji wa Tel Aviv aliyezaliwa na wazazi kutoka Yemeni, hakuikubali kawaida hiyo. Katika filamu ya katuni *The Prince of Egypt* (1998) alikuwa sauti ya Yokebedi, mama yake Musa, na aliuimba wimbo wake kwa lugha zaidi ya 15, Kiebrania kikiwemo. Alifariki Februari 2000, akiwa na miaka 42. Hata katika toleo la Kiingereza, Yokebedi anapombembeleza mwanawe kabla ya kumwachia mto, maneno machache yamebaki ya Kiebrania.