Usaili si jina jingine la mahojiano

Jumatatu asubuhi kijana mmoja aliingia kwenye steshenari yetu hapa Ng'ong'ona, shati jeupe limenyooshwa, tai shingoni, akaomba kona tulivu na chaja. "Nina mahojiano ya video saa nne." Nikamwomba anionyeshe ujumbe aliotumiwa. Uliandikwa wazi: usaili wa mchujo, kwa njia ya mtandao, maswali ya kuchagua, mwombaji atumie kompyuta. Wiki nzima alikuwa amejizoeza kujieleza mbele ya kioo, na siku hiyo hakuna aliyetaka kumsikia. Alikuja na simu tu. Tukampa kompyuta yetu, akaanza mtihani ambao hakuwa ameusomea hata ukurasa mmoja.

Si wa kwanza. Ukikaa jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma ukiwasaidia watu kupakia vyeti na barua za maombi, unaona jinsi neno moja linavyomgharimu mtu.

Usaili ni shughuli nzima ya kumpima mwombaji wa kazi. Mahojiano ni hatua moja ndani yake, ile ya kuzungumza. Ndiyo maana matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, chombo cha serikali kinachosimamia ajira za utumishi wa umma, hutenganisha usaili wa mchujo, usaili wa vitendo na usaili wa mahojiano. Video ni njia tu ya kukutana, kama ulivyo ukumbi.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe, maana hapo ndipo penye jibu. Saili limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa swali: kuuliza. Washairi wetu wa zamani wakiandika "nakusaili" wanamaanisha nakuuliza, basi. Anayeuliza ni msaili, anayeulizwa ni msailiwa, na hiyo -wa ya mwisho inamweka mtu mahali pa kutendewa. Kila aliyewahi kusoma tangazo la kuitwa anaijua sentensi ile kwamba kila msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Wewe ndiye unayeulizwa, na ndiye unayelipa nauli.

Mahojiano yana ukoo mwingine. Yanatokana na kuhoji, ndugu yake hoja, ambayo kwa Kiarabu ni ushahidi, jambo la kusimamishia ukweli wa usemalo. Halafu tazama kilichoongezwa katikati: -an-. Ni ileile ya mapatano, maelewano, mapigano. Hakuna mtu anayepatana peke yake. Mahojiano yanataka pande mbili, kila upande na hoja zake, na ndiyo sababu mwishoni wanakuuliza, "Na wewe una swali kwetu?" Wengi hujibu "hapana, asante" wakidhani ni adabu. Pale ndipo mahojiano yalipokuwa yanakusubiri. Uliza kazi yenyewe ikoje, utakuwa chini ya nani, miezi mitatu ya kwanza wanategemea uwe umefanya nini.

Hata intavyuu, neno tunalolitumia zaidi mitaani, Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na kiini chake ni kuonana. Kuonana, -ana tena.

Nalisisitiza hilo la pande mbili kwa sababu video inalijaribu. Dada mmoja kutoka Kondoa alifanyia mahojiano yake hapa dukani. Alibandika karatasi kuzunguka skrini yote, majibu yameandikwa kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nimesimama mlangoni kuzuia watu, nikayaona macho yake yakienda kushoto, kulia, chini, kushoto. Aliijua kazi ile vizuri. Jioni yake alinieleza bila karatasi na nikamwelewa mara moja. Lakini waliokuwa upande wa pili walimwona mtu anayesoma. Alijiandaa kusailiwa, hakujiandaa kuhojiana.

Kwa hiyo andika hoja, usiandike majibu. Mambo matatu uliyoyafanya kwa mikono yako, kila moja kwa maneno machache, kwenye karatasi moja. Kidirisha chenye uso wa msaili kisogeze juu kabisa, chini ya kamera, maana ukimtazama sehemu ya chini ya skrini yeye anakuona umeinamisha macho. Ukimjibu, mtazame kwenye kamera. Sauti ikichelewa, mwache amalize, hesabu moja, mbili, ndipo ujibu. Dirisha la chumba liwe mbele yako, lisiwe mgongoni, usije ukaonekana kivuli. Na kama ni Julai au Agosti, upepo wa Dodoma ukianza kuyagonga mabati, chumba unachokiona kimya hakitasikika kimya kwao. Vaa spika za masikioni zenye maiki. Bando la akiba weka kwenye simu ya pili, ya mtandao tofauti.

Kuna aina moja ambayo mimi siiiti mahojiano kamwe. Unafungua kiungo, swali linatokea kwa maandishi, unapewa dakika mbili ujirekodi, swali lingine linakuja. Upande wa pili hakuna mtu. Rekodi itatazamwa baadaye. Huo ni usaili wa video, sawa, ila hakuna unayehojiana naye, wala hutapata nafasi ya kusema "samahani, rudia swali". Unajiandaa kwa saa mkononi: jirekodi nyumbani, jitazame, rudia mpaka dakika mbili zikutoshe.

Basi ndugu yangu, ukipata ujumbe wa kuitwa, tafuta neno linalofuata baada ya "usaili". Likiwa mchujo, sema nina mchujo. Likiwa vitendo, sema nina vitendo. Mahojiano yaseme pale tu utakapomkuta mtu upande wa pili wa kamera, anayekungoja umjibu na umuulize.