Dawa za kifafa hufanya nini kwenye seli ya neva

Swali ninaloulizwa kwenye dirisha la dawa kuliko yote ni hili: dawa hizi si zinapumbaza ubongo mzima? Kwa fenobabitoni, kuna ukweli kidogo. Kwa fenitoini na kabamazepini sivyo, maana zenyewe hubagua seli. Ukitaka kuona zinavyobagua, anza na mlango mmoja wa sodiamu.

Seli ya neva ikiwa imetulia, ndani yake huwa na umeme hasi wa milivolti 70 hivi ikilinganishwa na nje. Ikichokozwa mpaka ikafika kama milivolti 55 hasi, milango ya sodiamu kwenye utando wake hufunguka, sodiamu inamiminika ndani na seli inafyatua, yaani inarusha ishara ya umeme. Mlango wenyewe hukaa wazi kwa muda usiozidi milisekunde moja hivi. Halafu kipande cha protini hiyohiyo, kinachoning'inia upande wa ndani, huingia kwenye tundu na kuliziba kama kizibo cha chupa. Mlango uliozibwa hivyo si sawa na uliofungwa tu. Uliofungwa hufunguka ukichokozwa. Uliozibwa haufunguki, hata uchokozwe vipi, mpaka seli itulie na kizibo kichomoke.

Fenitoini, kabamazepini na lamotrijini hupenda kushika mlango ukiwa umezibwa. Zikishashika, kizibo huchelewa kutoka. Seli inayofyatua mara chache kwa sekunde haioni tofauti kubwa, kwa kuwa kati ya mfyatuko mmoja na mwingine dawa hupata nafasi ya kubanduka. Seli iliyo katikati ya shambulio la kifafa, inayofyatua mamia ya mara kwa sekunde, haina nafasi hiyo. Kila mfyatuko huacha milango mingine imenaswa, mpaka iliyobaki haitoshi kuwasha mfyatuko unaofuata. Ndiyo maana mtu aliye kwenye dozi sahihi anasoma, anapika, anapiga hesabu, na shambulio linakosa pa kusambaa.

Fenobabitoni na diazepamu hupita njia nyingine: hukaza breki. Breki ya ubongo ni kemikali iitwayo GABA, ambayo hufungua milango ya kloraidi na kuifanya seli iwe ngumu kuchokozeka. Diazepamu huongeza idadi ya mara ambazo mlango hufunguka, fenobabitoni hurefusha muda unaokaa wazi. Tofauti inaonekana ndogo, lakini diazepamu haifanyi kitu pasipo GABA, ilhali fenobabitoni nyingi inaweza kufungua milango hiyo peke yake. Kwa hiyo aliyezidisha fenobabitoni anaweza kuacha kupumua.

Kuna jambo la breki hizi ambalo wauguzi wanapaswa kulijua kwa moyo. Shambulio likiendelea, seli huanza kuvimeza vipokezi vyake vya GABA, yaani milango ileile inayofunguliwa na GABA, kutoka kwenye utando. Diazepamu ikichelewa hukuta vichache vya kushika. Kwa hiyo tunahesabu dakika 5 tangu shambulio lianze, na zikipita dawa itolewe. Dozi ileile dakika ya 40 inaweza isifue dafu.

Sasa fenitoini, dawa ambayo naiheshimu na kuiogopa. Ini lina kikomo cha kuichakata. Chukua mgonjwa ambaye ini lake haliwezi kupita mg 450 kwa siku, na hufika nusu ya kasi hiyo damu ikiwa na mg 4 kwa lita. Akimeza mg 300 kwa siku, kiwango cha dawa kwenye damu kitatulia kwenye mg 8 kwa lita. Akimeza 350, kitatulia kwenye 14. Akimeza 400, kitaruka hadi 32, wakati kiwango kinachotakiwa ni 10 hadi 20. Nyongeza ya kwanza ya mg 50 ilimtibu, ya pili imemlewesha. Mwambie afuate kidole chako kwa macho: yakichezacheza akitazama pembeni, kiwango kinaelekea kuzidi, akipepesuka kama mlevi, kimezidi sana. Aliyempa mgonjwa kama huyo kidonge kizima cha mg 100 kama nyongeza juu ya 300 hakukosea kusoma, alidhani tu kwamba dozi na damu hupanda pamoja.

Kabamazepini ina vituko vyake. Huliamsha ini liichakate yenyewe haraka zaidi, na hilo hukamilika baada ya wiki 3 hadi 5. Mgonjwa aliyetulia wiki ya pili akaanguka tena wiki ya tano huenda hajaruka hata kidonge kimoja, kwa hiyo usianze kwa kumgombeza. Pia usimpe mtoto anayekodoa macho na kupotea kwa sekunde 10 bila kuanguka. Kifafa hicho huendeshwa na milango ya kalsiamu ndani kabisa ya ubongo, kabamazepini inaweza kukizidisha, na dawa zake ni ethosuksimidi au valproeti.

Ini likishaamshwa halichagui, huchakata haraka na dawa nyingine. Vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi vya mkononi hupungua nguvu kwa anayetumia kabamazepini, fenitoini au fenobabitoni. Na mwenye VVU anayemeza dolutegraviri pamoja na kabamazepini hupewa mg 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Kwa hiyo kabla ya kufunga bahasha ya kabamazepini, uliza dawa nyingine zote anazomeza.