Kabla ya kununua vitamini, shusha sukari

Baridi ya Juni ikiingia hapa Mbeya, wagonjwa wangu wa kisukari hunijia na swali lilelile: "Dokta, ninywe vitamini gani nisiwe naumwaumwa?" Wana haki ya kuuliza. Mwenye kisukari hushambuliwa na vijidudu kirahisi, na hatari yake ya kuugua kifua kikuu ni kama mara 3 ya asiye nacho.

Askari wa kwanza kufika kwenye kidonda ni chembe nyeupe za damu ziitwazo neutrofili. Sukari ikikaa juu, askari hawa huchelewa kufika, humeza bakteria kwa shida, na hata wakishamezwa hawafi ipasavyo. Chembe hizi hujiwekea vitamini C nyingi kuliko iliyomo kwenye damu, na sehemu yake hupita mlango uleule wa glukosi. Glukosi, yaani sukari ya damu, ikijazana pale, sehemu hiyo ya vitamini inabanwa njia. Kwa hiyo kuongeza vidonge huku sukari inasoma 18, yaani juu mno, ni kupoteza hela.

Tena dozi kubwa za vitamini C, hasa za mshipani, zinaweza kudanganya baadhi ya mashine za kupimia sukari kidoleni. Mashine inasoma juu, mtu anajiongezea insulini, sukari inashuka hadi anazimia. Hili linanitisha kweli. Pera moja la pale sokoni Mwanjelwa linatosha vitamini C ya siku nzima.

Vitamini D nayo ina kazi yake: huzisaidia chembe za kinga kutengeneza kathelisidini, protini inayoua vijidudu vya kifua kikuu. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2019, uliowapa watu waliokaribia kupata kisukari yuniti 4,000 kila siku, haukuonyesha kwamba inazuia kisukari kwa kiwango cha kuaminika. Mimi humwandikia aliyepungukiwa.

Inayosahaulika ni vitamini B12, inayotunza mishipa ya fahamu. Metformini, dawa ya kushusha sukari, ikitumika miaka mingi hupunguza ufyonzwaji wake. Mama mmoja wa Tukuyu kandambili zilikuwa zikimvuka njiani bila yeye kuhisi. Kila mtu, hata yeye, alisema ni sukari. Kipimo kikaonyesha B12 iko chini mno. Ukiwa unatumia metformini na nyayo zinachoma au zimekufa ganzi, omba upimwe, na dawa usiiache.