Je, wajua? Kwa nini kidole cha meneja kina bei kuliko cha fundi

Chukulia watu wawili kwenye kiwanda kimoja hapo Industrial Area Nairobi, mashine ikawakata kidole kile kile, siku ile ile. Daktari anawapima wote, ulemavu wa kudumu asilimia 10. Mmoja analipwa elfu 20 kwa mwezi, mwenzake laki moja. Wa kwanza anapata 192,000, wa pili 960,000. Na kidole ni kidole jamani!

Hesabu yenyewe inatoka kwenye WIBA, ile sheria ya Kenya ya 2007 ya fidia za walioumia kazini: unachukua mshahara wa miezi 96, yaani miaka 8, halafu unazidisha kwa ile asilimia ya daktari. Kwa hiyo hapa hulipwi uchungu, unalipwa riziki uliyopoteza, na riziki ya meneja kwenye karatasi ni kubwa.

Sasa mtu anauliza, si niende tu korti nidai uchungu wangu? Hapo ndo kuna shida, kifungu cha 16 kinakuzuia kumshtaki bosi. Mawakili walipinga hiyo kitu miaka mingi, High Court ikawapa sehemu, Court of Appeal ikageuza, mwishowe Supreme Court Desemba 2019 ikasema sheria ibaki. Ni biashara ya zamani hii, Wajerumani waliianza 1884: mfanyakazi anaacha kesi, naye bosi anaacha kuuliza "nani alikosea". Ukienda korti ilibidi uthibitishe bosi alizembea, na shahidi wako bado anakula mshahara wa huyo huyo bosi, hebu fikiria. Siku hizi hata kama ulikuwa mzembe kidogo unalipwa, isipokuwa ajali imetokana na kosa lako la makusudi. Mimi naona si mbaya, ila kwa mtu wa mshahara mdogo bei yake inauma.

Ukiumia mwambie bosi mapema, hata kwa mdomo sheria inakubali, ila meseji ni bora sababu haikanwi. Yeye ana siku 7 kuripoti kwa DOSH, ile idara ya serikali ya usalama na afya kazini, na kama mtu amekufa ni masaa 24. Wewe una miezi 12 kudai, na madai yakishafika kwa bosi au kampuni ya bima wana siku 90 kulipa. Gharama za matibabu ni za bosi, na ukiwa umelazwa au huwezi kazi kwa muda unaendelea kulipwa mpaka miezi 12.

Kinachokwamisha wengi wa mjengo ni mshahara wenyewe, maana miezi 96 inahesabiwa kwa kile unachoweza kuonyesha na wao hulipwa cash mkononi jioni, hakuna payslip hakuna nini, basi bosi akisema "huyo nilikuwa nampa mia tano tu" unabaki kubishana na hewa. Kama unalipwa kwa M-Pesa usifute hizo meseji, na kama ni cash andika kwa daftari kila siku, tarehe na pesa, mnyapara akikubali kutia sahihi ni sawa kabisa.