Mpango wa matibabu ya jino: yanayoamuliwa kabla ya kuziba

Mpango wa matibabu, kwa daktari wa meno, ni maamuzi yanayofanywa kabla mashine haijawashwa: ugonjwa ni upi, kipi kitangulie, jino lipi linaokoleka, na litazibwa kwa kitu gani. Wagonjwa wengi huanzia mwisho. Mtu anaketi kwenye kiti na kusema, "Daktari, niwekee ile nyeupe." Nyeupe ni nzuri, ila jino likizibwa kabla ya maswali ya mwanzo kujibiwa, mara nyingi linarudi na maumivu.

Chukua mama mwenye duka sokoni Busia, ana tundu kwenye gego la chini. Tunaanza na maumivu yenyewe. Kama maji baridi yanalichoma jino kisha linatulia baada ya sekunde chache, kiini chake, yaani nyama laini ya ndani yenye neva na mishipa ya damu, bado kinaweza kupona, na kutoa uozo na kuziba vizuri huenda kukatosha. Kama maumivu yanaendelea muda mrefu baada ya maji kumezwa, au yanamwamsha usiku bila sababu, kiini hakitapona tena. Kuziba juu juu hapo ni kufungia ugonjwa ndani. Njia zilizobaki ni kusafisha mizizi, yaani kutoa kiini hicho na kusafisha ndani ya mizizi, au kung'oa. Picha ya eksirei husaidia kuona uozo umefika wapi na mfupa wa kwenye ncha za mizizi ukoje.

Halafu tunapima kilichobaki. Jino la kuvishwa taji, yaani kofia inayolifunika lote, linahitaji ukingo usiooza wa takriban milimita 2 juu ya ufizi, pande zote. Ukikosekana, taji hata liwe la bei gani huchomoka kirahisi, au jino huvunjika. Mgonjwa aambiwe hivyo siku ya kwanza, kabla hajatoa pesa yake.

Utaratibu wenyewe ni mfupi: maumivu na usaha kwanza, kisha kuuzuia ugonjwa (ukoga mgumu, matundu mengine, sukari ya chai na soda, dawa ya meno yenye floraidi), na taji na madaraja (meno bandia yanayoshikizwa kwenye meno ya jirani) baadaye.

Sasa ndipo tunazungumzia cha kuzibia. Kompositi, ile nyeupe, hugandishwa kwa taa ya bluu, tabaka la milimita 2 kwa kawaida, na jino lazima liwe kavu kabisa. Mate au damu kidogo ikipenya, haishiki vizuri, na uozo huanza upya ukingoni. Amalgamu, ile ya rangi ya fedha, huvumilia unyevu zaidi na hudumu kwenye magego, lakini karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, na ili ishike huenda daktari akalazimika kukata hata sehemu ya jino isiyooza. Mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, Uganda ikiwemo, zilikubaliana isitumike kwa meno ya utotoni, kwa watoto chini ya miaka 15, wala kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari aone ni lazima.

Cha tatu cha kuzibia, glasi ionoma, ndicho ninachokitetea zaidi, kwa sababu watu hukidharau. Hujishikiza yenyewe kwenye jino, hutoa floraidi polepole, na aina nyingi hukauka bila taa. Njia ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono na kuziba bila mashine ilianzia hapa jirani, Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, na glasi ionoma ndiyo inayotumika nayo zaidi. Kwa shule ya kijijini au kituo cha afya ambacho umeme hukatika, inafaa sana. Udhaifu wake ni kumegeka pale panapotafuniwa kwa nguvu, hasa tundu likiwa kubwa.

Bei nayo ni sehemu ya mpango, na mgonjwa asione haya kuitaja. Mama yetu wa Busia, kiini kikiwa kimekufa na ukingo ukiwa bado upo, anaweza kusafishwa mizizi sasa, azibwe vizuri, kisha taji lisubiri hadi biashara ichangamke. Lakini lisisubiri mno, maana gego lililosafishwa mizizi hupasuka kirahisi. Kwa muda huo atafune upande wa pili, na mahindi ya kuchoma ayaache kidogo.