Odi ndogo si uhakika

Kwenye vibanda vya kubeti pale Kirumba, Mwanza, utasikia: "Weka kwa farasi mwenye odi ndogo, huyo wa uhakika." Hapana, ndugu yangu. Odi, yaani namba inayozidishwa na dau lako ukishinda, ni bei tu. Odi ya 4.00 inakudai farasi ashinde walau mara moja katika nne. Ukimwona ni wa mara moja katika sita, umenunua sato aliyelala kwa bei ya sato wa alfajiri.

Mbio za farasi za Grand National kule Aintree, Uingereza, zina farasi hadi 34 na viunzi 30 vya kuruka. Hata bingwa hujikwaa kwa aliyeanguka mbele yake. Mwaka 2009 farasi Mon Mome alishinda kwa 100 kwa 1, yaani faida ya shilingi 100 kwa kila shilingi moja ya dau!

Na kampuni ya kubeti hukata chake mapema: jumlisha nafasi zote zilizomo kwenye odi za farasi wa mbio moja (odi ya 4.00 ni asilimia 25), zinapita asilimia 100.