Kifusi ni nini hasa, na kinafanya nini kikimwagwa mikokoni

Huku Dar neno kifusi tunalitumia kwa vitu viwili tofauti, kuna udongo wa kujazia kiwanja kabla ya msingi, afu kuna mabaki ya nyumba iliyovunjwa yani zege, matofali, vigae, nondo zilizopinda, vipande vya jipsam na mabomba ya plastiki. Mi naona shida inaanzia hapohapo, maana mtu akisikia kifusi anawaza udongo tu, kumbe tipa imebeba kila kitu na inaenda kushusha bonde la Msimbazi au kwenye mikoko ya Kunduchi.

Chukulia mti wa mchu, ambao ni aina ya mkoko. Ule unaishi kwenye tope lisilo na hewa, ndo maana mizizi yake inachomoza juu kama penseli ili ipumue, sasa ukishusha tipa moja pale umeifukia yote na mti haufi siku hiyo, unadhoofika taratibu, majani yanageuka njano hadi unakauka, na kaa na samaki wachanga waliokuwa wanajificha chini yake ndo basi tena.

Afu kuna yanayoyeyuka. Mvua ikipita kwenye zege bichi au vumbi la saruji maji yanatoka makali kama ya magadi. Jipsam ikifukiwa sehemu yenye maji isiyo na hewa, bakteria wanaigeuza kuwa gesi inayonuka mayai viza, na gesi hiyo ni sumu. Mabati ya asbestosi ya nyumba za zamani ndo mabaya zaidi, yakivunjika yanatoa nyuzi ndogo usizoziona, ukizivuta zinaweza kukuletea kansa ya mapafu miaka mingi baadaye.

Na bonde likijazwa maji yanakosa pa kutulia. Sisemi mafuriko ya Desemba 2011 yaliletwa na kifusi, mvua ilikuwa kubwa kweli, ila kila mita inayojazwa inayasukuma maji kwa jirani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni na baharini ziachwe.

Watu wanasema si tutapanda mikoko mingine. Juu ya kifusi mche haushiki jamani, pale pameshainuka na maji kujaa hayafiki tena, labda kwanza kifusi chote kizolewe.